Geji ya presha ya oili: ya paipu au ya umeme?

Hilux kuukuu yenye taa ya oili tu kwenye dashibodi inaweza kufungwa geji ya aina mbili. Ya paipu huleta oili yenyewe kutoka kwenye injini hadi nyuma ya geji. Umeme ni wa balbu tu, na mshale huitikia papo hapo. Ila kipaipu kikipasuka, oili ya moto inamwagikia miguu ya dereva.

Ya umeme hutumia sensa, yaani kifaa kinachofungwa kwenye injini kupima presha, na hapo kazi yote ni waya. Chukua umeme unaokuja ukiwasha swichi, weka fyuzi ndogo, pitisha waya kwenye tundu lenye mpira ili bati lisiukate. Sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia hesi zake. Ukiizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kupita kiasi, hasi haitapita vizuri na mshale utadanganya. Na hesi zenyewe! Toyota hizi huwa na 1/8 BSPT (kipimo cha Uingereza cha hesi za paipu), hesi 28 kwa inchi. Geji nyingi za Marekani ni NPT (kipimo cha kwao), hesi 27. Sensa yake itaingia kidogo kisha ibane. Usilazimishe, tafuta adapta.

Kwa pikapu ya mizigo, mimi nafunga ya umeme.