Gemu tamu, ila inatuma data hata ukiikatalia: nyota mbili

Nimeicheza hii gemu karibu wiki tatu sasa, ni ile ya kujenga kijiji, ya mtu mmoja, haina onlaini wala timu wala kuchati, unakaa mwenyewe na wanakijiji wako mnalima mnavuna, baridi ikikaribia unaanza kuhesabu magunia. Na ni tamu jamani. Grafiki safi, muziki umetulia, hata kompyuta yangu ya siku nyingi inaibeba bila kukwama. Kama ni gemu peke yake ningeipa nne.

Sasa usiku mmoja nikaisimamisha nikaenda kuoga, nilikuwa nimeacha wazi Resource Monitor, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha programu gani inatumia intaneti, maana kuna kitu kingine kabisa nilikuwa natafuta, narudi nakuta gemu inaongea na seva. Imesimama, mimi sipo, na bado inatuma. Nikavuta kiti nikaanza kuiangalia: kila dakika hivi kifurushi kidogo cha data kinatoka, nikifungua menyu kinatoka, nikijenga ghala kinatoka, mwanakijiji akifa njaa kinatoka. Ndani kuna nini sikuweza kuona kwa sababu imefichwa kwa usimbaji, nilichoona ni inakokwenda na saa inayokwenda. Nikaingia setingi, nikashuka chini ya lugha, chini ya sauti, mpaka mwisho kabisa, nikakuta kiboksi cha kushiriki takwimu za matumizi kimetiwa tiki tangu siku ya kwanza na mimi sijawahi kuulizwa. Nikaitoa tiki, nikafunga gemu, nikawasha upya. Vifurushi vikaendelea vilevile.

Hapo ndio nilikasirika kweli.

Maana sio kwamba napinga telemetria yote, yaani programu kutuma yenyewe taarifa za inavyotumika kwa waliyoitengeneza. Gemu ikijifunga ghafla na ikaniuliza itume ripoti, natuma, tena kwa moyo, ndivyo inavyotengenezwa. Bungie, studio iliyotengeneza gemu ya Halo 3, enzi hizo walikuwa wanachora ramani za sehemu wachezaji wanakofia ili wajue uwanja gani umekaa vibaya, na hiyo ni kazi nzuri, mchezaji anafaidika. Lakini kifaa changu kujulikana ni kipi, nimecheza saa ngapi, nimesita wapi kwenye menyu, hayo yakikusanywa bila kuniuliza na nikikataa yasikome, mimi siiti tena takwimu. Naiita programu nisiyoitaka iliyoingia kwa mgongo wa programu niliyoitaka.

Na sio neno nimelitunga. Microsoft kwenye vigezo vyao vya programu zisizotakiwa wanataja kabisa kukosa chaguo na kukosa udhibiti, yaani programu isiyokuonyesha wazi inachofanya au isiyokuachia uamuzi. Hawasemi lazima iwe kirusi, wala lazima iibe nywila. Hii gemu naiona imeanguka kwenye yote mawili.

Watu wa siku nyingi mtaikumbuka Red Shell mwaka 2018, kile kijiprogramu kilichokuwa ndani ya gemu kibao za Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kuangalia mtu ameletwa na tangazo gani mpaka akanunua. Wenyewe walisema sio spaiwea, yaani programu ya kupeleleza watu, wachezaji wakasema hatukuulizwa, na studio nyingi zikakitoa kwa apdeti. Gemu hazikuharibika kwa kukitoa! Na mwaka 2025 noyb, shirika la kutetea faragha la Austria, lilipeleka malalamiko dhidi ya kampuni ya gemu ya Ubisoft kuhusu Far Cry Primal, gemu ya mtu mmoja vilevile, wakisema ndani ya dakika 10 tu iliunganika na seva za nje mara 150.

Nikaandikia sapoti ya hawa wa kijiji. Wakanijibu kwamba data ni ya kuboresha gemu na kwamba nilikubali masharti nilipoisakinisha. Ni kweli nilibonyeza nakubali, kila mtu anabonyeza, bila hivyo gemu uliyokwisha kuilipia haifunguki. Sasa hicho kiboksi mlikiweka cha nini kama jibu ni masharti? Hilo niliwauliza mara ya pili, sijajibiwa.

Basi nikaifungia kwenye fayawoli, ule ukuta wa kompyuta unaochuja kinachoingia na kutoka mtandaoni, sheria moja tu ya kuzuia chochote kinachotoka kwenye hiyo gemu. Ikafunguka, ikaseivu, ikacheza kama kawaida, na kwa macho yangu inapanda haraka zaidi kwenye skrini ya kuanzia ingawa hapo sikupima. Kwa hiyo yale mawasiliano hayakuwa na kazi yoyote kwangu mchezaji.

Ukitaka kuinunua, inunue ukijua hivyo, na uifungie kabla hujaiwasha mara ya kwanza, sio baadaye kama mimi. Nyota mbili ni za kijiji chenyewe. Siku wakileta apdeti ambayo ukitoa tiki data inakoma, nitakaa tena na Resource Monitor, nikiona kimya narudi hapa naweka nne.