Chaler ruti: mkate mweupe wa mchele jijini Dhaka
Katika mkahawa mmoja mdogo wa familia huko Dhaka ya Kale, chaler ruti hupikwa kama inavyopikwa majumbani nchini Bangladesh, na hiyo ndiyo sababu naupendekeza mkahawa huu bila kusita. Unga wa mchele humiminwa katika maji ya chumvi yanayochemka, hukorogwa juu ya moto, kisha hukandwa ungali moto, kwa kuwa mchele hauna gluteni, protini inayofanya donge la ngano linate na kuvutika, na donge lililokandwa kwa maji baridi hupasukapasuka mara linaposukumwa. Mpishi husukuma kila mkate hadi uwe mwembamba, akauweka kwenye chuma kikavu bila tone la mafuta, nao huvimba huku ukibaki mweupe. Ulaini wake ni wa kupigiwa mfano: ulikunjika vidoleni bila kukatika, ukafyonza mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe, ambao, kwa maoni yangu, ulizidi pilipili kidogo. Mikate ikipoa hukakamaa haraka, kwa hiyo ni vyema kuagiza michache michache. Wenyeji huuandaa hasa usiku wa nisfu Shaabani, pamoja na halua, na wakati wa Idd el-Hajj.