Laptopu ya Gemu Inalagi Huku Prosesa Iko Asilimia 30: Tuifungue Tuone

Asalaam aleikum watu wangu, karibuni tena. Mezani leo nina laptopu ya gemu ya bei ya katikati, ya kijana mmoja wa Bamburi aliyeniruhusu niifungue mbele yenu. Jina la kampuni nimelifunika kwa stika, maana mengi mtakayoona yameipata baada ya kutoka dukani, na sitaki ugomvi na mtu. Ndani kuna prosesa ya Intel Core i5-12450H, kadi ya picha ya NVIDIA RTX 3050 na RAM ya GB 8. Kwa karatasi, mashine nzuri tu. Lakini ingia gemu la GTA V, zunguka katikati ya mji, dakika za mwanzo utaenda raha mustarehe, halafu picha zinaanza kukatakata mpaka unagonga ukuta ambao hukuuona ukija.

Lalamiko la mwenyewe ni hili: prosesa inatumika asilimia 30 tu na viini vingine, yaani vitengo vya kazi vilivyo ndani yake, vimelala, kwa hivyo prosesa ni mbovu. Fundi wa kwanza akamwitikia, akampigia Windows upya, akachukua chake. Laptopu ikarudi nyumbani ikilagi vilevile.

Haya, tazameni skrini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager inafunguka. Nenda sehemu ya Performance, kisha CPU. Hapo unaona grafu moja, na hiyo ndiyo inayodanganya watu. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua ionyeshe Logical processors. Sasa visanduku 12. Hii prosesa ina viini 8: vikubwa 4 vya kazi nzito, na vidogo 4 vya kutunza umeme. Kila kikubwa kinabeba nyuzi mbili za kazi, kila kidogo kinabeba mmoja. Hivyo nane pamoja na nne, 12. Hapa visanduku vinane vya mwanzo ni vya wakubwa, vinne vya mwisho ni vya wadogo. Ona sasa: kimoja hapa juu kinagusa dari, viwili vitatu viko nusu, na hawa wanne wa mwisho kama hawakuambiwa kuna kazi.

Huu si ugonjwa. Gemu huwa na uzi mmoja mkuu. Huo ndio unaopokea kitufe ulichobonyeza, unaamua lile gari la mbele linapinda au linanyooka, unapanga cha kuchorwa, kisha ndio unaikabidhi kadi ya picha. Kazi nyingine zinagawanywa, sauti kule, kupakia ramani kule, lakini mwisho zote zinamsubiri mkuu. Jiko la harusi mnalijua: ukiita vijana ishirini wa kumenya vitunguu, sufuria ya pilau haitaiva mapema kwa ajili yao. Na hesabu yenyewe ni nyepesi. Nyuzi ni 12, mmoja ukijaa mpaka juu, kwenye grafu ya jumla unahesabika kama asilimia 8 na kitu. Kwa hivyo uzi mkuu unaweza kuwa hoi bin taabani huku Task Manager inakwambia prosesa iko asilimia 30, imetulia.

Sasa kuna ile mbinu inazungushwa sana, ati ingia msconfig, ile programu ya mipangilio ya kuwasha Windows, nenda Boot, chagua idadi ya prosesa, viini vyote vitaamka. Jamani. Kile kisanduku kazi yake ni kupunguza viini, kimewekwa kwa watu wanaojaribu programu. Usipokigusa, Windows inatumia vyote ilivyopewa. Kama ulikigusa, toa ile alama, washa upya, yaishe.

Cha kuangalia ni kasi. Hapa chini ya grafu pameandikwa Speed. Mimi natumia HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi, ni ya bure, naiacha ikirekodi huku nacheza. Mwanzo tuko karibu na gigahezi 4. Joto linapanda: 85, 92, 97. Kikomo cha hii prosesa ni digrii 100. Tazameni ule mstari wa Thermal Throttling, yaani prosesa kujipunguza kasi kwa sababu ya joto, umegeuka kutoka No ukawa Yes, na papo hapo kasi imeanguka mpaka gigahezi 2 na kidogo. Uzi mkuu ni uleule, kazi ni ileile, mwendo nusu. Hapo ndipo ukuta ulipotoka.

Na sisi tuko Mombasa. Msimu wa kaskazi, chumba kisicho na AC, hewa inayoingia kwenye feni ina digrii 30 na ushei kabla haijafanya kazi yoyote. Walio Limuru wanaanzia mbali chini. Kisha kuna vumbi, na vumbi la huku lina unyevu na chumvi, linashikana.

Nafungua kifuniko cha chini. Skrubu zipangeni zilivyotoka, hizi mbili za mbele ni fupi, ukizibadilisha na ndefu unatoboa mahali. Kwanza kabisa chomoa waya wa betri. Haya, feni hizi, ukiangalia mapanga yake utasema mbona safi. Usidanganyike. Toa feni yenyewe, tazama nyuma yake, kwenye zile mbavu nyembamba za kutolea joto. Mnaona hii? Nainua kwa kibano. Imeng'oka kipande kizima, ya kijivu, nene kama kitambaa cha sweta, ina nyuzi za godoro ndani. Kijana anachezea kitandani, hahitaji kuniambia. Feni inapiga, hewa haina pa kutokea. Brashi laini inatosha. Ukitumia blowa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke ovyo. Pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa nayo imekauka imepasuka, nimeweka mpya.

Nimefunga, nimecheza tena. Joto limeshuka, lakini kasi bado inadondoka kila baada ya muda. Nikatazama betri: laptopu imechomekwa ukutani na betri inapungua!

Chaja ndiyo hii. Ya asili iliungua stima iliporudi kwa kishindo, akanunua nyingine mjini, pini inaingia vizuri, taa inawaka. Geuza usome kibandiko: volti 19.5, ampea 3.33. Zidisha, ni wati 65. Prosesa peke yake umeme wake wa msingi ni wati 45, na RTX 3050 ya laptopu huanzia wati 35 kwenda juu. Tumeshafika 80 na skrini hatujaihesabu. Mashine inafanya nini? Inajibana. Nimeazima ya wati 150, kasi imekaa juu ya gigahezi 3.5 na haibanduki.

Na sasa rudini kwenye visanduku vyetu. Wale wanne wa mwisho bado wamelala, na gemu linateleza.

Mengine haraka haraka. Yule fundi alimwekea Windows 10 ati ni nyepesi. Kwa prosesa zenye viini vikubwa na vidogo, Windows 11 ndiyo iliyotengenezwa kusikiliza ushauri wa prosesa kuhusu kazi ipi iende wapi, na isitoshe Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 2025. Nimemrudishia 11. RAM ni kipande kimoja cha GB 8. Aongeze cha pili kinachofanana nacho, maana vipande viwili vinafungua njia mbili za kupitisha data, na GB 8 siku hizi hazitoshi. Fremu, yaani picha kwa sekunde, nimezifunga kwenye 60, skrini yake inaonyesha 60 tu, za ziada ni joto la bure.

Je, ningeinunua? Kwa gemu, ndiyo, ikiwa na chaja yake ya asili na GB 16. Ikija na chaja ya wati 65, toa bei ya chaja hapohapo dukani kabla hujalipa. Na wewe uliyeniandikia una i5-1235U, yako ni kesi nyingine: viini vikubwa 2 tu, umeme wa msingi wati 15. Hiyo hata ikiwa safi kama jana imetoka kwenye boksi, mji ukijaa watu itahema. Ingia kwenye mipangilio ya GTA, shusha Population Density, yaani wingi wa watu na magari mjini, cheza kwanza hivyo kabla hujamwita fundi.