Elektrovani ya turbo ya matundu matatu kwa WRX yangu, Lubumbashi: uzoefu wangu

Bandugu, kwanza sina garaji na siuzi pyesi, mi niko tu na gari Subaru Impreza WRX ya 2004, volani ya kuume, iliingilia Kasumbalesa kama magari mingi ya hapa kwetu.

Shida ilikuwa turbo haitulii, inapanda bari 0.9, inashuka 0.7, inapanda tena, ukiwa vitesi ya tatu ni kama mtu anakuvuta shati kwa nyuma. Nikaagiza elektrovani (valvu ya umeme yenye kompyuta ya gari inatumia kuongoza presio ya turbo) ya kampuni GrimmSpeed, ya matundu matatu, ya kutoa ile ya kiwanda yenye mawili. Ile ya zamani inamwaga tu sehemu ya presio yenye kuenda kwa wesitigeti (kamlango kenye kufunguka kupitisha moshi pembeni ili turbo isipande zaidi), hii mpya inaweza kuifungia kabisa, wesitigeti haifunguki mpaka kompyuta iamue, njo maana turbo inaamka mapema.

Fundi wa kwanza simtaji, tunasalimiana bado. Alifunga haraka haraka akasema papa, endesha. Barabara ya Likasi nikakanyaga, sindano ya manometri ikaruka mpaka 1.3 halafu moteri pap! kama mtu amezima kontakti. Nikajua basi, turbo imekwisha. Kumbe ni kompyuta ilikata esansi ili moteri isipasuke. Alibakisha ndani ya tuyo kile kipande kidogo cha shaba chenye katundu kembamba, kile cha mfumo wa zamani, sasa presio inachelewa kufika kwa wesitigeti, na tena programu ilikuwa ya elektrovani ya zamani, wakati asilimia ileile (sehemu ya muda yenye kompyuta inawasha elektrovani) kwa hii mpya inapandisha turbo zaidi sana. Kama hauna mtu wa laptopu wa kupanga programu upya usinunue hii kitu, nakwambia.

Fundi wa pili akatoa kile kipande, akabadilisha tuyo zote za mpira, zilikuwa zimekauka na moja imepasuka chini, nashuku hata shida ya mwanzo ilitoka hapo, yaani pengine ningetoka na dola chache tu, lakini tuache hiyo. Akaanza na asilimia za chini, tunatoka, tunasoma, tunarudi, siku nzima. Sasa inasimama 1.0 imetulia mpaka juu, na turbo inashika karibu na mizunguko 3,000 ya moteri kwa dakika, zamani ilikuwa 3,500. Alitaka tupandishe 1.2 nikakataa, hapa tuko mita kama 1,200, hewa ni nyepesi, turbo inazunguka zaidi ili itoe presio ileile, na esansi yenyewe leo iko hivi kesho vile. Programu ya kuchukua kwa mtu wa pwani usiweke hivi hivi.

Nyota nne. Inalia tik-tik-tik ukiendesha, ni kawaida yake, lakini bibi yangu kila siku anauliza ni panya gani iko ndani ya kapo.