Canon EF 50mm f/1.8 STM kama lenzi ya kwanza: inunue, lakini pima chumba chako kwanza

Swali hili naulizwa sana, mtu kanunua kamera yake ya kwanza, ana ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo kwenye boksi, hela iliyobaki ni ya lenzi moja tu na anataka hiyo moja ibadilishe picha zake. Jibu analopewa kila akiuliza ni 50mm f/1.8 (hizo milimita zikiwa nyingi lenzi inavuta zaidi na kuona eneo dogo), basi, hakuna maelezo. Mi hiyo lenzi naipenda sana tena sana, lakini sitaki mtu akainunue kwa kusikia watu tu afu afike ndani kwake akute hata mtu mzima mmoja haenei kwenye picha, na hilo linatokea mno.

Nianze na yenyewe, EF ni aina ya mfungo wa kamera za Canon zenye kioo ndani, STM ni jina la mota yake ya kufokasi. Ni kadogo, gramu 160 hivi, ukiifunga kwenye kamera ya kuanzia husikii hata uzito umeongezeka. Ilitoka 2015 ikachukua nafasi ya ile 50mm f/1.8 II ya 1990, na tofauti zake ni za maana: ya zamani sehemu ya kufungia kwenye kamera ni plastiki, hii ni chuma, mapanga ya apacha, lile tundu la mwanga la ndani ya lenzi, yalikuwa 5 sasa yako 7 kwa hiyo zile taa za nyuma zilizofifia zinakuja mviringo na sio pembe tano, na unaweza kumsogelea unayempiga mpaka sentimita 35 wakati ile ilikuwa inagoma kabla ya 45. Ukikuta used za zote mbili na bei zinakaribiana chukua STM usijiulize mara mbili. Haizumu kabisa, ukitaka kusogea ni miguu yako, na haina kizuia mtikisiko.

Sasa kwanini watu wanaisifia hivyo. Ni ile namba f/1.8. Apacha ni tundu la ndani ya lenzi linalopitisha mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu linakuwa kubwa. Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta mpaka 55 inaishia f/5.6, ukipiga hesabu tundu lake hapo ni kama milimita 10 kwa upana, wakati hii ya 50 ikifunguka yote ni kama milimita 28. Mwanga unaopita ni kama mara 9 na kitu. Maana yake kwa picha yenyewe ni hii: umekaa sebuleni usiku na taa moja ya dari, lenzi ya boksi inakulazimisha shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya 1/15 ya sekunde na mtoto anatoka kama moshi kwa sababu mtoto hatulii, sehemu hiyo hiyo na ISO (kiwango cha kamera kuukuza mwanga) ile ile, hii inakupa 1/125 na mtoto anatoka na kope zake zote. Au ukiacha shata ilipo unaweza kushusha ISO kutoka 6400 mpaka karibu na 800 na zile chengachenga kwenye picha zinapungua kabisa. Hakuna kamera mpya ya bei ya chini itakayokupa ongezeko kama hilo, ndo maana nasema kwa mtu mwenye hela ya kubana lenzi ni bora kuliko kubadilisha kamera.

Kitu cha pili ni ile nyuma kufifia, na hapa ndo watu wengi wanaanza kulalamika lenzi mbovu, kumbe si mbovu. Ukikaa mita 1 kutoka kwa mtu ukafungua f/1.8 kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), eneo linalokuwa kali ni karibu sentimita 3 tu kwenda na kurudi, jicho la karibu liko kali, sikio limeshafifia, na jicho la pili kama mtu kageuza uso kidogo nalo limeanza kuondoka. Ukiiachia kamera ichague yenyewe pointi ya kufokasi mara nyingi inachagua kilicho karibu zaidi, yani pua au mkono au ukingo wa kofia. Ingia kwenye menyu uweke pointi moja, ya katikati ndo inayoshika vizuri zaidi kwenye kamera za kuanzia, iweke kwenye jicho, bonyeza nusu, rekebisha fremu kidogo sana afu piga bila kuyumba mbele na nyuma. Sentimita 3 zinapotea kwa kupumua tu. Mi uso wa karibu sipigi kwa f/1.8, naifunga mpaka f/2.8, na hapo lenzi yenyewe inakuwa kali zaidi, zile pindo za zambarau kwenye nywele zinazopigwa na mwanga wa nyuma zinapungua, na nyuma bado inafifia vizuri tu. f/1.8 iache kwa giza au kwa mtu aliye mbali kidogo, ukirudi mita 2 lile eneo kali linafika sentimita 11 hivi na unapumua.

Ukiona bado zinatoka zimefifia na umeshaweka pointi moja, jaribu hivi: weka kamera kwenye meza au tripodi, fokasi kwenye maandishi ya boksi kupitia kile kitundu cha kuchungulia upige, afu piga tena kwa kufokasi kupitia skrini ya nyuma, uzume zote mbili ulinganishe. Kama ya skrini ni kali na ya kuchungulia si kali hata ukirudia, basi lenzi na mfumo wa fokasi wa kamera havielewani, na kamera nyingi za kuanzia hazina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu, kwa hiyo rudisha ubadilishiwe nyingine ungali na siku za kurudisha. Fanya hilo jaribio siku ile ile umeinunua.

Na jua kali. Saa sita mchana hakuna wingu, ISO 100, f/1.8 inahitaji shata ya karibu 1/8000, kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/4000, kwa hiyo picha inatoka nyeupe imeungua hata ufanyeje. Funga mpaka f/2.8 na tatizo limeisha.

Sasa tuje kwenye nafasi, maana hapa ndo pa kuamulia ununue au usinunue. Kamera za kuanzia nyingi sensa yake ni ndogo kuliko ile ya ful fremu, yani yenye ukubwa wa filamu ya zamani ya 35mm, kwa hiyo kinachoonekana kinakatwa pembeni, Canon unazidisha kwa 1.6, Nikon kwa 1.5. Hiyo 50mm kwenye Canon inaona kama 80mm inavyoona kwenye ful fremu, yani ni lenzi ya uso na mabega. Kwa vitendo: ukitaka mtu mzima kuanzia kichwa mpaka kiatu na nafasi kidogo juu na chini, kamera umeisimamisha wima, unatakiwa urudi mita 4 na nusu. Chukua futi kamba pima sebule yako, toa kochi, toa meza, toa ukuta ulio nyuma yako, zimebaki mita ngapi? Na kama unataka watu waliokaa pamoja, kutoka mita 3 lenzi hii inaona upana wa kama mita 1 na sentimita 30, ni watu wawili waliobanana. Nje hakuna shida, unarudi nyuma mpaka utakapo. Lakini mtu ambaye picha zake nyingi ni za ndani, familia, chakula mezani, sherehe ya chumba kimoja, atakuwa anagonga mgongo ukutani kila dakika, na nimeshaona watu wameiacha kabatini kwa sababu hiyo tu wakati lenzi haina kosa.

Huna haja ya kukisia, lenzi ya kujibu unayo tayari. Chukua ile 18-55 yako, iweke karibu na 50, usiiguse tena, upige siku kadhaa vitu vyako vya kawaida, afu siku nyingine iweke 35, nyingine 24. Usiangalie uzuri wala kufifia kwa nyuma, angalia ni wapi ulikuwa unakosa pa kusimama. Tena kama una picha zako za nyuma kwenye kompyuta fungua taarifa za kila picha, pale pameandikwa ulipiga kwa milimita ngapi, na kama nyingi ziko 18 mpaka 24 basi hiyo 50 sio yako, nakwambia wazi.

Sio yako, basi yako ipi? Kwa wa Canon ni EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba kabisa, haifiki hata sentimita 2 na nusu, gramu 125, na yule mtu mzima wa kichwa mpaka kiatu unampata kwa mita 2 na kidogo. Inasogelea mpaka sentimita 16, kwa hiyo sahani ya chakula au ua unaingia nalo karibu kweli. Mwanga inapitisha kidogo kuliko f/1.8, na kufifisha nyuma haifiki popote karibu na 50, hilo likubali kabisa kabla hujalipa. Lakini kwa mtu wa kubeba kamera kila siku mi naiona ndo lenzi bora ya kwanza, inashikwa na kamera kwa mkono mmoja na watu hawashtuki ukiwaelekezea.

Wa Nikon wamebahatika zaidi, wana AF-S DX 35mm f/1.8G ya 2009, mtu mzima kwa mita 3, namba ile ile ya f/1.8, gramu 200. Hiyo kwa maoni yangu inashinda 50 zote kwa anayeanza, kwa sababu inatosha ndani na nje bila kukulazimisha uchague. Ila wa Nikon sikilizeni hapa vizuri maana hela inapotea: 50mm f/1.8D inauzwa rahisi kuliko zingine na inashawishi, ila haina mota ndani, na kamera za mfululizo wa D3000 na D5000, kwa mfano D3500 na D5600, nazo hazina mota ya kuizungusha. Itafunga, itapiga, lakini autofokasi hakuna, utazungusha kwa mkono kila picha. Angalia herufi, unatakiwa uone AF-S, yani mota iko ndani ya lenzi. Na zile zilizoandikwa AF-P ni nzuri kwenye kamera mpya lakini kamera kadhaa za zamani haziziendeshi, kwa hiyo hakikisha na modeli yako kwanza.

Kuna wanaotaka kuruka moja kwa moja kwenye lenzi ndefu. Kama unapiga mpira au ndege au mtoto wako akiwa jukwaani na we umekaa nyuma, sawa, hapo 50 haikusaidii, chukua 55-250mm yenye kizuia mtikisiko na uikwepe 75-300 ya bei ya chini isiyonacho, kwa 300 mkono wako unatikisika kuliko unavyodhani. Lakini kama ni kwa sababu tu kuvuta mbali kunafurahisha, furaha hiyo haidumu, na usiku haikufai kitu.

Turudi kwenye 50 yetu, mambo machache ya kuishi nayo. Pua ya mbele inatoka nje ukifokasi karibu, usiibamize wala usiisukume kwa mkono, na ukitembea nayo weka kofia yake ya kivuli, ES-68, inaikinga. Pete ya kufokasi kwa mkono haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa kwa sababu inaendeshwa na umeme, isije ikakushtua ukadhani imekufa. Kwenye video mota inasikika kidogo kukiwa kimya na unatumia maiki ya kamera yenyewe. Filta yake ni 49mm, na kama utaweka filta weka nzuri au usiweke kabisa, kioo cha bei ya kutupa mbele ya lenzi kinarudisha taa za usiku kama vimulimuli vya ziada kwenye picha.

Used mi nashauri kabisa, vioo havichakai kama kamera, ila kagua. Washa tochi ya simu, ipitishe kwenye lenzi kutoka nyuma huku unachungulia kwa mbele, vumbi kidogo sio tatizo, lakini ukiona nyuzi zinazosambaa kama mizizi huyo ni fangasi, achana nayo hata ikishushwa bei vipi. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauonekani kwenye picha, wa kioo cha nyuma unaonekana, kwa hiyo geuza uangalie nyuma kwa makini zaidi. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, sio ya muuzaji, fokasi karibu na mbali mara nyingi usikilize kama inakwama, piga moja f/1.8 na moja f/16 ya kitu kile kile kwa mpangilio wa Av (we unachagua apacha, kamera inachagua shata), zikitoka na mwanga tofauti kabisa mapanga yana shida.

Na kama kamera yako ni zile mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless) za Canon, R50, R100 na wenzake, hii ya EF haifungi moja kwa moja, inahitaji adapta ya EF-EOS R, ikishafungwa autofokasi inafanya kazi kama kawaida. Ila kama huna adapta wala lenzi yoyote ya EF usiingie gharama mbili, chukua RF 50mm f/1.8 STM iliyotoka 2020, uzito ni ule ule na inasogelea mpaka sentimita 30. Kipimo cha sebule hakibadiliki, mita 4 na nusu ni zile zile.