New Lanark: kijiji cha pamba kando ya mto Clyde

Kwetu Usukumani pamba ndiyo iliyotulipia ada ya shule, kwa hiyo niliposikia Scotland kuna kijiji kizima kilichojengwa kwa ajili ya kuisokota, nikafunga safari. New Lanark kimejificha bondeni, mwendo wa saa moja hivi kutoka Glasgow. Gari unaliacha juu, unashuka kwa miguu. Wenye magoti mabovu wafikirie mpando wa kurudi.

David Dale alianza kukijenga mwaka 1785, akifuata maji ya kuendeshea mitambo. Mkwewe, Robert Owen, akashika usukani mwaka 1800. Owen ndiye utakayemsikia kila kona: alizuia watoto wa chini ya miaka kumi kuajiriwa, akawafungulia shule.

Kuna kigari kinachokuzungusha gizani huku mzimu wa binti wa kiwandani akisimulia maisha yake. Watoto watakipenda, mimi nilipita haraka. Nilichokodolea macho ni kipande cha mti chenye pande nne, kilichokuwa kikitundikwa karibu na kila mfanyakazi. Nyeusi: mbaya. Bluu: hivi hivi. Njano: mzuri. Nyeupe: bora. Rangi iliyogeuzwa mbele ndiyo mwenendo wako wa jana, na kila apitaye anauona. Owen alijivunia kwamba hakuhitaji kufokea watu. Mimi, kusema kweli, bora nifokewe yaishe.

Ghorofani mashine ya kusokota bado inapiga kazi, ila siku hizi ni sufu. Sehemu yake ya mbele inatambaa ikivuta nyuzi nyingi kwa mpigo, inazisokota, kisha inarudi ikizikunja. Uzi wenyewe unauzwa, na ni mzuri. Pamba ya zamani, uende ukijua, ilitoka kwenye mashamba ya watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Wema wa Owen haukufika huko.

Usiondoke bila kuingia duka la kijiji. Enzi zile matajiri wengi wa viwanda waliwauzia wafanyakazi wao bidhaa hafifu kwa bei ya kuruka. Owen alinunua kwa jumla, akauza kwa nafuu, na faida ikaendesha shule. Wanaushirika wa Uingereza wanamhesabu kuwa mmoja wa wazee wao. Kwetu ushirika wa pamba uliota kutokana na hasira ya mizani ya wanunuzi iliyowapunja wakulima, kwa hiyo hapo nilisimama hadi wenzangu wakaniita. Tofauti ni kwamba wa kwetu tuliudai wenyewe. Hapa bosi ndiye aliyeamua.

Viwanda vilifungwa 1968, UNESCO ikakiorodhesha kijiji 2001, na watu bado wanaishi humo, kwa hiyo msichungulie madirishani. Kiingilio ni cha maonyesho. Kutembea kijijini ni bure. Ukiwa na muda, fuata njia ya mto hadi maporomoko ya Corra Linn, hasa baada ya mvua, maana siku kavu mitambo ya umeme hunywa maji mengi.