TAHADHARI: Yuko mtu Mombasa yuwauza rangi za modeli, chupa ni za kweli lakini rangi ndani si yenyewe

Ndugu zangu mnaounda modeli hapa Mombasa, zile meli na ndege ndogo za plastiki za kuunganisha, na nyinyi mnaochonga majahazi madogo ya kuuzia wageni kule Mji wa Kale, tafadhali someni hii kabla hamjatuma pesa kwa mtu. Yuko jamaa hana duka, yuwauza kwa simu tu, yuwaweka picha kwa status, seti ya chupa 24 za rangi za akriliki, zile chupa ndogo za mililita 17 za mdomo wa dropa, wa kutolea rangi tone tone, lebo ni ya Vallejo ya Uhispania, na seti nzima yuwataka shilingi 7,200. Ukipiga hesabu ni 300 kwa chupa. Yeyote aliyewahi kuagiza rangi hizi kutoka nje ajua hiyo 300 haitoshi, lakini huyu jamaa ana maneno matamu, akwambia mzigo umetoka Dubai, umebaki kwa mtu aliyekuwa afungua duka akafilisika, zimesalia seti tatu tu.

Mimi nilikuwa na haraka. Ami yangu aliniletea kutoka Muscat boksi la vipande vya plastiki vya kuunda manowari ya Waingereza Warspite, skeli 1/350, yaani ndogo mara 350 kuliko meli yenyewe, ikimalizika ni karibu sentimita 56, na hii meli mimi naipenda kwa sababu ilikuwa hapa hapa Kilindini mwaka 1942 Waingereza walipohamisha manowari zao kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Niliiunganisha miezi minne, usiku baada ya kazi, kila mzinga, kila ngazi, nikabakisha rangi tu. Kwa hivyo nilipoona kijivu tatu tofauti na nyekundu ya tumboni mwa meli zote ziko kwenye seti moja, sikuuliza mengi, tukakutana Mwembe Tayari, nikatikisa chupa mbili tatu, nikatuma pesa, jina lililokuja kwa M-Pesa si lile analojiita akasema ni laini ya mkewe, basi nikarudi nyumbani nimefurahi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea maana ndio mtaijua dalili yake.

Kwanza harufu. Rangi nzuri ya akriliki ina kiharufu chake chepesi tu, hii nikafungua chupa ya kijivu ikanuka kama maji ya kopo yaliyokaa wiki nzima. Nikadondosha tone moja juu ya kigae cheupe, nikaenda kuosha brashi, narudi nakuta tone limejitenga, maji pembeni na chenga katikati. Hapa nataka muwe waangalifu msije mkamsingizia muuzaji mwengine wa haki, kwa sababu hata rangi ya kweli ikikaa ndani ya chupa hujitenga, juu kunakuwa na maji maji na chini uzito wa rangi, hilo ni la kawaida, watikisa dakika nzima inarudi. Lakini ukishaitikisa vizuri haiwezi kuachana tena juu ya kigae hapo hapo ukiiangalia.

Nikajiambia labda ni joto, labda imekaa sana kwenye kontena. Nikapaka. Nilikuwa nshaiosha plastiki kwa sabuni ya vyombo, nshapiga praima, ile rangi ya chini ya kushikia, na nikaiacha siku mbili, kwa hivyo chini kulikuwa sawa. Mkono wa kwanza ukatoka na mistari, wa pili ukafunika, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikabandika tepu ili nipake mstari mweusi wa majini, ile kuibandua tepu rangi yote ikaja nayo, kutoka omo mpaka tezi, imebaki praima. Wallahi nilikaa chini.

Ila bado sikutaka kumhukumu mtu kwa tepu, kwa sababu tepu kali hubandua hata rangi nzuri. Nikafanya jaribio ambalo naomba kila mtu alijue. Nikatoa chupa yangu ya zamani ya kijivu, niliyonunua kitambo, nikapaka kidogo kwenye kijiko cha plastiki, na kando yake nikapaka hii mpya. Nikaacha siku nzima. Halafu nikachukua pamba, nikailowesha kwa maji matupu, nikasugua pole pole. Ile ya zamani haikutoa hata doa. Hii mpya pamba ikawa kijivu na kijiko kikawa cheupe.

Hiyo ndio siri yenyewe. Rangi ya akriliki ni unga wa rangi pamoja na chembe chembe za plastiki zinazoelea ndani ya maji, maji yakiondoka zile chembe zashikana zawa ngozi moja, na ikishakuwa ngozi maji hayairudishi tena. Rangi ya watoto wa shule, ile ya machupa makubwa, nyingi yake gundi yake yayeyuka kwenye maji, leo imekauka na kesho ukiipangusa kwa kitambaa kibichi yaondoka. Kwa hivyo alichonitilia huyu mtu ni rangi ya shule iliyozimuliwa kwa maji, au rangi ya kweli kidogo iliyozidishwa maji mpaka haina kinachoishika, yote mawili matokeo yake ni hayo. Na hata maji nashuku ni ya kisima, kwa sababu lile tone la kwenye kigae lilipokauka liliacha ukingo mweupe kama chumvi, na sisi watu wa huku twayajua maji yetu ya kisima.

Baada ya hapo nikang'oa ule mdomo wa dropa kwa kisu, nione. Chupa ya kijivu, lebo ya kijivu, lakini chini ya mdomo pale shingoni kuna duara la rangi ya kaki iliyokauka. Nikang'oa nyengine, ya nyekundu, shingoni mna kijani. Yaani hizi chupa zilishatumika na watu wengine kwa rangi nyengine, zikaoshwa, lebo zikahamishwa, zikajazwa upya. Ukiangalia vizuri pembeni mwa mdomo waona alama za koleo au kisu, plastiki imechubuka, na mdomo mwengine haukukaa sawa, umeinuka upande. Chupa mpya mdomo wake umekaa ndani barabara na tundu lake halina rangi iliyogandamana.

Hapo ndipo nikakumbuka jambo lililoniuma kuliko zile pesa. Huyu jamaa miezi kadhaa nyuma aliwahi kunitafuta, kabla sijanunua chochote, akiniuliza kama nina chupa tupu za dropa, akasema bibi yake auza mafuta mazuri na zile chupa zafaa kutilia. Nilimpa kumi na kitu, bure, na nikamwambia rafiki yangu wa Tudor naye ampe. Zile chupa zetu ndizo azijaza. Nimekaa na chupa moja yenye alama ya kalamu yangu mwenyewe, huwa naandika nukta juu ya kifuniko kujua ipi nshaifungua, na nukta iko.

Nilipompigia alipokea mara moja tu, akasema kaka wewe hujui kupaka, rangi hizi ni za mafundi. Kisha kaniblok. Ujumbe wa M-Pesa niliutuma 456 kuomba pesa zirudishwe lakini zilikuwa zishatolewa, na pia ile huduma zaidi ni ya mtu aliyekosea namba, si ya mtu aliyelipa mwenyewe kwa hiari yake. Namba yake nimeiripoti na kituoni nimeandikisha, nimepewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Aliyenunua kwake na ameweka ujumbe wa malipo asiufute, aende naye aandikishe, tukiwa wengi itakuwa rahisi kwa askari kumfuata.

Rafiki yangu wa Tudor yeye aliitia kwenye eabrashi, kile kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa, sindano ya milimita 0.3, chenga zikaziba, alipojaribu kuizibua sindano ikapinda. Na Majengo kuna kijana wa gredi ya saba alitumia mkono wake wote wa Idi kununua chupa sita apake jahazi alilochonga kwa mkono wake. Mvua ya kwanza aliyolitoa nje kuwaonyesha wenzake rangi ikateremka na maji. Mtoto alidhani yeye ndiye aliyekosea. Kwa huyu mtoto mimi sinyamazi.

Jambo jengine, na hili ni la afya. Wengi wetu tuna mazoea ya kulainisha ncha ya brashi mdomoni. Acheni, hata kwa rangi nzuri, sembuse hii ambayo hakuna ajuaye kilichomo, na maji yenyewe yashaoza. Mwenye watoto wanaopaka naye awaambie leo.

Kama mtu akuuzia rangi na mwakutana njiani, nenda na kijiko cha plastiki, pamba na chupa ya maji. Mwambie nadondosha tone moja, lipake liwe jembamba kabisa, juani kwetu dakika kumi litakuwa limeshika, halafu pangusa kidogo kwa pamba bichi bila kukazana. Ya kweli ikiwa bado changa yaweza kuachia kidogo ukiisugua kwa nguvu, lakini ya uongo yafuta yote kama chaki. Fungua na vifuniko kadhaa uangalie midomo, usikubali zile anazokupa mkononi, chukua mwenyewe za katikati ya boksi. Akikataa kukungojea dakika kumi, pesa zako zibaki kwako. Na jina la M-Pesa likija la mtu mwengine pia simama, hapo mimi ndipo nilipopita.

Na chupa zenu tupu, nawaomba sana, msimpe mtu kwa sababu yoyote ile, mafuta mazuri wala nini. Zikateni midomo kwa mkasi na mchane lebo kabla ya kutupa. Mimi jana nilikaa na mkasi nikakata zote zilizobaki nyumbani, zimefika 31.

Kijana wa Majengo nimempa chupa zangu tatu za zamani, nyeusi, nyeupe na hudhurungi, na jahazi tumelisafisha tukaanza upya kwa praima. Mwenye seti iliyotoka kwa huyo mtu na hana uhakika aniandikie, Jumamosi baada ya Alasiri huwa niko nyumbani, aje nazo tuzipime pamoja kwenye kijiko, na ambazo zitakuwa mbovu aniachie nipeleke kituoni pamoja na zangu.